Deni la Wahakiki kwa Mchoraji wa Kibera na Kawangware

Kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya amewahi kuikariri ile fasili ya kidato cha kwanza: fasihi ni sanaa itumiayo lugha kuwasilisha ujumbe unaomhusu binadamu. Ili tofauti ibainike, mwalimu huongeza kwamba zipo sanaa nyinginezo, kama vile uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, utarizi na muziki. Tunaziandika daftarini, tunapiga mstari chini yake, na safari yazo inakomea hapo. Tangu siku hiyo hadi tunapovalishwa joho la mahafali, hatukutani nazo tena. Uchoraji ulitajwa ili tujue fasihi si nini, basi.

Hata hivyo, hebu msomaji achukue tahakiki yoyote iliyo katika rafu za maktaba yetu aisome kwa jicho la mtu wa nje. Atakuta kwamba mwandishi fulani "amemchora" mhusika wake kwa ustadi. Atakuta tasnifu kadha wa kadha kuhusu "usawiri" wa wanawake katika riwaya hii au tamthilia ile, na kusawiri ni kutia sura, ni kuchora. Atakuta "taswira", ambayo imetoka katika shina lilo hilo. Atakuta "mandhari", yaani yale yanayoonwa na jicho. Atawakuta wahusika "bapa" na wahusika "duara", utadhani mhakiki ameshika penseli na kipande cha karatasi. Sehemu kubwa ya vyombo tunavyotumia kufanyia kazi yetu tumeviazima kwa mchoraji. Tumekaa navyo miaka na mikaka, tumevitumia kupatia shahada, na hatujawahi hata kumjulia hali mwenyewe.

Makala haya yanadai kwamba hilo ni deni, na kwamba wadai wetu hawako mbali. Mchoraji ninayemkusudia ni yule aishiye na kufanya kazi Kibera, katika vijiji kama vile Makina, Gatwekera, Kianda na Laini Saba, au ng'ambo ya Barabara ya Ngong, huko Kawangware, mtaa ambao matatu za nambari 46 zimeupa jina la pili. Kutoka vyuo vyetu vya Nairobi, ni mwendo wa nauli moja au mbili tu.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa watu wengi wanaozungumzia sanaa hupenda kuirukia maana kabla ya kuitazama kazi. Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi Kawangware na kuomba rangi, utaulizwa swali moja: ya maji au ya mafuta? Rangi ya maji ni ya kuta za ndani. Rangi ya mafuta ni ile yenye kung'aa, ya milango, madirisha na mageti, nayo huja katika mikebe. Wachoraji wengi wa mitaa hii walianzia kwenye mkebe huo. Walikuwa waandikaji wa mabango: kichwa cha mwanamume aliyenyolewa kwa ustadi kwenye ukuta wa kinyozi, ng'ombe anayetabasamu (sijui kwa nini) juu ya mlango wa bucha, sahani ya chapati na maharagwe kwenye hoteli, na lile onyo lisilozeeka kwa wateja, kukopa harusi kulipa matanga. Mwenye duka humwita "fundi", akampa malipo ya awali ya kununulia rangi, na salio likasubiri hadi bango likauke. Hiyo ndiyo shule. Hapo mtu hujifunza kuzikadiria herufi kwa jicho ili neno lisiishiwe na nafasi kabla ya ubao kuisha, kuchora kwa haraka, kushika brashi bila mkono kutetemeka huku watoto kumi wakitazama nyuma yake, na kuvumilia mteja asiyependa ng'ombe wake awe mwekundu.

Rangi nyingine ya mafuta ni ile ya tyubu, ya mchoraji wa turubai. Hii huagizwa kutoka nje na ni ghali, hivyo aghalabu hununuliwa tyubu moja moja kadiri pesa zinavyopatikana. Nyeupe ndiyo inayoisha kwanza. Turubai lenyewe si lazima litoke dukani. Wengi hununua kitambaa kizito cha pamba, kile ambacho mpaka leo huitwa amerikani au marekani kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani ndio waliokuwa wakikileta Zanzibar. Seremala wa jirani hutengeneza fremu ya mbao, kitambaa kikavutwa na kupigiliwa pini nyuma, kisha kikapakwa rangi nyeupe ya maji mara mbili au tatu ili mafuta yasizame na kukiozesha. Hapo ndipo kazi huanza, na hapo ndipo subira nayo huanza.

Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo ndiyo roho ya rangi hii, hayakauki kama maji yanavyokauka. Hayapotei hewani, huvuta oksijeni kutoka hewani yakagandamana polepole. Tabaka jembamba huweza kuguswa baada ya siku chache, nene huchukua wiki, na picha iliyokamilika hupaswa kusubiri miezi sita au zaidi kabla ya kupakwa vanishi. Rangi nazo hazilingani: za udongo wa kahawia hukauka upesi, nyeusi husuasua. Ndiyo maana kuna kanuni ya zamani kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo lile la juu litakauka kwanza na kupasuka wakati la chini bado linajivuta. Sasa mchukue mtu mwenye kanuni hizo mkononi, umweke katika chumba kimoja cha mabati ambamo familia hulala na kupika. Mchana wa Januari bati linachoma. Mvua za Machi hadi Mei zikija, unyevu hauondoki. Julai hakuna jua. Vumbi la njia hutua juu ya rangi mbichi usiku na mchana. Harufu ya tapentaini huwaumiza watoto vichwa. Isitoshe, matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pembeni huweza kujichemsha yenyewe hadi yakawaka moto bila mtu kuwasha kiberiti, na kila aishiye Kibera anajua moto ukianza kwenye nyumba moja hauishii hapo.

Haishangazi basi kwamba wachoraji wengi wa Nairobi wamehamia rangi za akriliki, ambazo hukauka kabla hujamaliza chai. Anayebaki na mafuta hubaki kwa sababu anayataka. Rangi ya mafuta humruhusu arudi kesho yake kwenye shavu alilolichora jana na kulilainisha tena, kulichanganya na kivuli, kubadili mawazo. Kwa mtu ambaye katika maisha yake mengine hapewi nafasi ya pili, si faida ndogo hiyo.

Nimeeleza haya kwa kirefu kusudi. Tazama tumetumia maneno gani: fremu, turubai, amerikani, tabaka, tapentaini, vanishi, kivuli, mafuta ya kitani. Yote yanaeleweka, na karibu yote yanatumika katika karakana. Mchoraji wa Kibera akimwelekeza kijana anayemsaidia, humwelekeza kwa Kiswahili cha Nairobi. Anamwambia apige andakoti, asubiri ikauke, asishedi upande wa jua. Wasomi wa istilahi wamezoea kukaa ofisini na kubuni maneno kisha wakashangaa kwamba hakuna anayeyatumia. Hapa kuna kazi ya kinyume: maneno yapo, yanatumika kila siku, na hakuna aliyeyakusanya.

Ipo pia historia, nayo haijaandikwa kwa lugha yetu. Mwaka 2001 waandikaji mabango wawili wa Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la wachoraji wakaliita Maasai Mbili. Wenyewe si Wamaasai. Walikuwa wamevaa mavazi ya Kimaasai ili watambulike haraka, na watu waliowaona wakipita wakawapa jina. Mwalimu wangu wa sarufi angelipiga jina hilo kalamu nyekundu mara moja, kwani nomino ya viumbe hai inadai upatanisho wa a-wa, hivyo tungetarajia Wamaasai Wawili. Lakini lisahihishe jina hilo uone kama litabaki la Kibera. Ukilifanya sanifu linakuwa taarifa tu ya kwamba Wamaasai wamepita, na wao ni wawili. Lilivyo, ni Nairobi inayowacheka watu wake yenyewe. Ningependa kuona tasnifu moja tu ya isimujamii inayolichambua jina hilo. Kundi hilo limeishi kwa zaidi ya miaka ishirini, limelea wachoraji wengine wengi, na kazi zake zimeonyeshwa nje ya nchi.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Katika siku hizo mchoraji Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alizunguka na rangi akiandika kwenye kuta, milango na mabati maneno ya kuwasihi Wakenya watunze amani, mengine yakiiga matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu: amani inatafutwa, na inatafutwa ikiwa hai. Aliandika kwa Kiingereza, naam, na hilo nitalirudia. Wenzake wa Maasai Mbili nao waliwakusanya watoto wachore yale waliyoyaona. Sisi huku vyuoni tuliandika makala mengi kuhusu lugha ya siasa katika uchaguzi ule, kuhusu semi za chuki na vyombo vya habari. Maandishi yaliyosomwa na watu wengi zaidi Kibera mwezi wa Januari 2008 yalikuwa ya mwandikaji mabango, tena yaliandikwa kwa rangi, mahali ambapo aliyeyaandika angeweza kupigwa kwa kuyaandika. Sikumbuki kuyaona katika tahakiki yoyote ya Kiswahili.

Kwa upande wa Kawangware na Dagoretti, tunaye Joseph Mbatia, ambaye ulimwengu wa sanaa unamjua kwa jina la Bertiers. Naye alianzia kwenye mabango ya mabaa na maduka. Turubai zake hujaa watu mpaka pembeni: wanasiasa wa Kenya na wa ng'ambo, walevi, polisi, wahubiri, wote wakiwa ndani ya baa moja, kila mmoja akifanya upuuzi wake. Sisi tuliosomeshwa kejeli, tashtiti na ukinzani tungeisoma picha ya namna hiyo kama riwaya. Tuna istilahi zote zinazohitajika. Tunachokosa ni desturi ya kuzielekeza huko.

Wako na wa zamani zaidi. Sam Ntiro wa Tanganyika alisoma na kufundisha katika shule ya sanaa ya Makerere iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na picha yake ya mafuta ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Jak Katarikawe wa Uganda alikuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji. Akaishi Nairobi miaka mingi akichora ng'ombe na ndoto kwa rangi ya mafuta, hadi alipofariki mwaka 2018. Elimo Njau na wenzake walipofungua ukumbi wao Nairobi mwaka 1965, waliuita Paa ya Paa. Jina hilo ni shairi la maneno matatu: mnyama aitwaye paa, na kitenzi cha kupaa. Naye Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 na kuuawa kwa risasi ya polisi kimakosa mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta za dukani, ndugu ya ile ya mageti ya Kawangware. Sanaa yake ilipata jina la Kiswahili, na kwa sababu ilipata jina, ikapata mazungumzo. Mtanzania asiyewahi kuingia ukumbi wa maonyesho hata siku moja anaweza kukuambia picha hii ni ya tingatinga na ile siyo. Je, Mkenya wa kawaida ana neno gani la kuitia picha iliyotoka Kibera?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Picha inapotoka katika chumba cha mabati, hutoka na Kiswahili chake, lakini Kiswahili hicho huachwa mlangoni pa ukumbi wa maonyesho. Kikaratasi kinachobandikwa kando yake ni cha Kiingereza. Orodha ya maonyesho ni ya Kiingereza. Hotuba ya ufunguzi, hata mfunguzi akiwa Mkenya na mchoraji akiwa Mkenya, ni ya Kiingereza. Tahakiki ya gazeti ikitoka, huwa katika gazeti la Kiingereza. Jirani yake mchoraji, mama muuza samaki ambaye uso wake ndio uliochorwa, akifika pale (na kufika kwenyewe ni nadra) atajiona ukutani lakini hatajua ameambiwa nini. Kwa miaka kadhaa mojawapo ya kumbi kubwa za kuuzia sanaa jijini, ambayo tangu 2013 imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki, ilikuwa Lavington, mtaa unaopakana na Kawangware. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka stesheni ya 46 hadi mlangoni. Umbali uliobaki ulikuwa wa lugha, na wa kujihisi kwamba pale si pangu.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya mapambo na heshima. Basi tuzungumzie pesa. Mchoraji huiachia kazi yake kwa ukumbi kwa makubaliano kwamba ikiuzwa, ukumbi utabaki na sehemu ya bei. Makubaliano hayo huandikwa. Kuuza turubai ni jambo moja. Kuuza haki ya kuichapisha picha hiyo kwenye kalenda, postikadi au jalada la kitabu ni jambo jingine kabisa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki hiyo haihami kwa mdomo, inahitaji maandishi. Marekebisho ya 2019 yaliongeza haki nyingine: msanii kupata sehemu ya bei picha yake inapouzwa tena kupitia mfanyabiashara wa sanaa. Ni haki nzuri mno kwa mtu aliyeuza turubai kwa bei ya kodi ya mwezi mmoja, kisha akasikia miaka kumi baadaye kwamba limepigwa mnada. Lakini haki usiyoweza kuitamka huwezi kuidai. Nimewauliza wanafunzi wenzangu wa tafsiri wanipe neno la Kiswahili la haki hiyo ya mauzo ya pili, na kila mmoja akaanza kukuna kichwa. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na inaitaka dola ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa na njia nyinginezo. Mtu anayetia sahihi mkataba asiouelewa vizuri yuko nje ya vifungu vyote viwili.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wachoraji wenyewe ndio wanaozipa picha zao majina ya Kiingereza, na kwamba Solo 7 mwenyewe aliandika amani kwa Kiingereza. Ni kweli. Ujumbe wake ulikuwa kwa Wakenya, lakini kamera za dunia nzima zilikuwa Kibera wiki hizo, na mwandikaji mabango mzuri anamjua msomaji wake. Mchoraji wa turubai vilevile. Mnunuzi wake mkubwa ni mgeni, au Mkenya tajiri ambaye nyumbani kwake Kiingereza ndicho kinachotawala. Simlaumu mtu kwa kuuza samaki wake sokoni. Ninachosema ni kwamba kikaratasi cha ukutani kina nafasi ya mistari minne zaidi.

Na huyo mnunuzi ana masharti mengine ambayo ni ya hatari zaidi kuliko lugha. Anapofika Kibera anataka Kibera ile aliyoiona kwenye runinga: mabati yenye kutu, reli, mtoto mwenye pua inayotiririka. Mchoraji akimwonyesha bakuli la maembe, au mwanamke aliyelala, au rangi tupu zisizo na umbo, mgeni hutabasamu kwa adabu na kuuliza kama hakuna za "mtaa". Baada ya miezi mitatu bila mauzo, maembe hugeuzwa kuelekea ukutani na mabati hurudi. Mimi naamini (na hapa msomaji ana uhuru wa kunipinga) kwamba uhaba wa uhakiki wa nyumbani ndio unaomwacha mchoraji mikononi mwa huruma ya mgeni. Msanii asiye na wasomaji wa kwao huandikiwa maudhui na wanunuzi. Tumeliona jambo hilo katika riwaya, tukalipigia kelele, na tukafanya vyema. Katika picha tumenyamaza kimya.

Wengine watadai kwamba Kiswahili cha karakana si Kiswahili, ni Sheng, na kwamba idara zetu zina kazi ya kulinda lugha sanifu. Hoja hii huwa haikosi katika kila kongamano letu, na nimechoka kuijibu kwa nadharia. Hebu mtu huyo aniambie neno sanifu la andakoti ambalo seremala, mpaka rangi na mchoraji watalielewa wote kesho asubuhi. Akilipata, nitalitumia. Asipolipata, andakoti iingie kamusini na tuendelee na mambo mengine.

Kuna ugumu ambao naukubali zaidi, nao umo katika neno "mchoraji" lenyewe. Lugha yetu imemrundikia majukumu mengi mno. Mtoto anayechora kwa mkaa ukutani ni mchoraji. Anayechora ramani ya nyumba ni mchoraji, wa vibonzo vya gazeti ni mchoraji, na aliyekaa miezi minane na turubai moja la mafuta ni mchoraji pia. Ukisema "mpaka rangi" watu hufikiria dari na ngazi. Ukisema "msanii", vijana hufikiria mwanamuziki, na ukivuka mpaka ukaenda Tanzania utakuta "usanii" limekuwa neno la kumsutia mtu mdanganyifu. Sidhani ni bahati mbaya tu. Jamii isiyoitofautisha kazi kwa jina huwa haiitofautishi kwa malipo. Mteja wa Kawangware anayempa mwandikaji bango pesa za siku moja humpa pia mchoraji wa picha ya baba yake marehemu pesa za siku moja, kwa sababu wote wawili, kwa anavyojua yeye, "wamechora".

Nayo shule ile ya mabango inakufa. Mashine za kuchapisha mabango ya plastiki zimejaa mjini, na bango lililokuwa likimpa mtu kazi ya siku mbili hutoka mashineni kwa dakika chache. Kampuni kubwa nazo zimepaka vibanda vizima rangi zao, kuta zikawa za mwenye simu au mwenye soda. Mwaka 2020, wakati wa korona, kuta za Kibera zilirudi kwa muda mikononi mwa wachoraji waliohimiza watu kunawa mikono na kuvaa barakoa, kisha kazi hiyo ikapungua tena. Wala kuta zenyewe hazina hakika ya kesho. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara inayounganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata, na kila kilichokuwa kimeandikwa juu yake kikaenda na tingatinga, safari hii likiwa lile la chuma. Tungekuwa tumekwenda na daftari na kamera mapema, leo tungekuwa na mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili cha mjini ambao hakuna maktaba inayoweza kuununua.

Ninapendekeza mambo ambayo chama chetu kinaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za uwandani wapelekwe Kibera na Kawangware kukusanya msamiati wa karakana, nao wawalipe wachoraji kwa muda wanaowachukua, kwa maana saa moja ya kumhoji mtu ni saa moja ya mwanga wa jua ambayo hachori. Darasa la tafsiri lichukue mkataba mmoja wa kawaida wa ukumbi na mchoraji liuweke katika Kiswahili ambacho mtu atakisoma akiwa amesimama. Wahakiki wetu, walimu wakiwa wa kwanza, wajaribu kuandika kurasa mbili tu kuhusu picha moja. Watagundua upesi kwamba ni vigumu, kwa sababu picha haina ploti ya kusimulia, na mazoea yetu ya kuanza kila tahakiki kwa muhtasari wa hadithi hayatatufaa. Jarida hili nalo, ambalo majalada yake yamekuwa yakipambwa kwa picha zilizookotwa popote, limwagize mchoraji jalada la toleo lijalo, limlipe, na jina lake liandikwe mbele badala ya kufichwa kwa herufi ndogo ukurasa wa pili.

Mimi nimekwisha kuanza orodha. Neno la kwanza ni vanishi. Wachoraji wanalitumia kama seremala wanavyolitumia, ila wao wana kitenzi chao: picha haipakwi vanishi, "hufungwa". Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba baada ya vanishi mkono hauwezi kurudi tena ndani.